Mbele ya Kamba na Nyuma ya Kamba

Nzau alikuwa fundi cherehani kwenye veranda ya duka la Manubhai, mjini Thika. Mimi nilikaa cherehani ya pili, karibu na mlango, kwa miaka sita. Kwa hiyo haya ninayoandika, mengine niliyaona mwenyewe na mengine alinieleza tulipokuwa tukingoja makaa ya pasi yashike moto.

Alizaliwa Gatuanyaga, upande ule mkavu wa mashariki, ambako Wakamba na Wakikuyu wamekaa pamoja muda mrefu hadi mbuzi wao huitikia lugha zote mbili. Baba yake alikuwa Mkamba, mchungaji wa ng'ombe wa watu. Nzau alisoma miaka minne, akafundishwa kushona na watu wa misheni, akaja mjini. Alijua Kikamba, Kikuyu na Kiswahili, na katika zote tatu alikuwa mtu wa maneno machache. Tulimtania kwamba Mungu amempa lugha tatu za kunyamazia.

Lakini kazi ilimlazimu kusema. Manubhai alikaa ndani kwenye kaunta. Hakujua Kikuyu wala Kikamba, na hakupenda ugomvi wa baadaye. Basi kila mteja aliposema anachotaka, Nzau alirudia kwa Kiswahili, kwa sauti, neno kwa neno, kabla ya kushika futi. Siku moja mama mmoja alirudisha gauni akiwa amekasirika sana. Nzau akageukia ndani, uso haukubadilika hata kidogo, akasema, "Mama anasema wewe Manubhai ni mwizi, na baba yako alikuwa mwizi, na anataka mikono ipunguzwe inchi moja."

"Mikono punguza," Manubhai akajibu. "Baba acha."

Habari hiyo ilizunguka Thika nzima, na hivyo ndivyo Gerishon alivyomjua na kumchukua awe mkalimani wa mikutano yake.

Gerishon alikuwa mwalimu wa zamani, mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kuvuka mto. Mapema mwaka wa 1957 alikuwa anagombea kiti katika Baraza la Kutunga Sheria. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kujichagulia watu wao. Lakini asidhani mtu kwamba kila mmoja alikuwa na kura. Hali ya hatari ilikuwa bado juu yetu. Vyama vya siasa kwa upande wetu vilikuwa vimekatazwa, na mgombea alikuwa na kamati tu. Mkikuyu hakuandikishwa bila cheti cha uaminifu, kile walichopewa waliosimama na serikali. Tena hata mwenye cheti, au mtu wa kabila lingine, alitakiwa awe na elimu, au mshahara, au mali, au utumishi wa miaka mingi. Mwenye mengi ya hayo alipewa kura mbili, hata tatu. Waliobaki, wale wengi wa vijiji vilivyozungushiwa handaki na wa laini za vibarua kwenye mashamba ya mkonge na kahawa, hawakuwa na kitu. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Mwenye kura tatu tuliyemjua sisi alikuwa Mzee Zacharia wa Kalimoni, karani mstaafu, mwenye ng'ombe wa maziwa na nishani ya vita. Watu walimwita Kura Tatu, na alilipenda jina hilo kuliko la ubatizo. Yeye ndiye aliyekuwa kichwa cha kamati ya Gerishon. Tena alikuwa mwenyekiti wa kamati nyingine, ya kijiji, iliyoamua ni nani kati ya waliofungwa kambini akubaliwe kurudi nyumbani na nani akataliwe.

Hapo ndipo jambo la Nzau lilipokuwa. Mkewe, Waithira, alikuwa Mkikuyu wa Kalimoni, na ndugu yake Waweru alikuwa kambini mwaka wa tatu. Hakushtakiwa kwa lolote. Alipelekwa kambi hii, akahamishwa ile, na sasa barua ilikuwa imekuja kwamba yuko karibu kuachiliwa, ikiwa kamati ya kwao itamkubali. Mama yao, Magdalene, alikaa peke yake ndani ya kijiji cha handaki. Kila lori lililopunguza mwendo pale barabarani, alitoka nje.

Wiki ya mkutano mkubwa, Zacharia alikuja verandani kupimwa koti. Gerishon alikuja naye, akaegemea nguzo.

"Wenye kura wa upande huu wote," Zacharia alisema, mikono yake imenyooshwa ili Nzau apime, "wanaenea ndani ya kanisa moja. Nawajua kwa majina. Wanataka mtu mpole, mtu wa kwenda polepole. Ukiwatisha watamwendea yule mwingine."

"Na walio nje ya kanisa, Mzee?"

"Wana kura?"

"Hawana."

"Basi ni kelele."

Gerishon alicheka, lakini hakufurahi. "Kelele hiyo ndiyo wake na mama wa hao wa kanisani. Tena itapata kura siku moja, haitachelewa. Nikienda Baraza bila hao, nitasema nasema kwa niaba ya nani? Ya benchi sita?"

"Shinda kwanza, Mwalimu. Wa kuwasemea utawatafuta ukishakaa kwenye kiti."

"Nikiwatafuta wakati huo watakuwa wamenijua mimi ni nani."

"Wee, unataka kiti au unataka kupigiwa makofi?" Zacharia aliteremsha mikono, akamtazama Nzau kana kwamba ndiyo kwanza amemwona. "Nzau. Jina la shemeji yako limefika mezani kwangu. Jumanne kamati inakaa."

Nzau alisimama na futi mkononi.

"Mimi sina neno naye," Zacharia akaendelea. "Ila Jumamosi nataka utulivu. Wazee wangu watakuwa mbele, D.O. atakuwa mbele, na mdomo ni wako. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mzee."

"Haya rudia, kama unavyowafanyia wateja."

Nzau akageukia ndani kwenye kaunta, kwa mazoea yake, akasema, "Mzee anasema Waweru atarudi ikiwa mimi Jumamosi nitatafsiri anavyotaka yeye."

"Haiya! Mimi sikusema hivyo."

"Basi Mzee anasema nini?"

Cherehani yangu nilikuwa nimeisimamisha. Zacharia alicheka kidogo. "Pima koti," akasema.

Walipoondoka, Manubhai alitoka hadi mlangoni. Alikuwa mtu mwema lakini mwoga, na mwaka huo nani hakuwa mwoga. "Nzau, wewe fundi. Siasa hapana leta hapa verandani. Siasa inaleta polisi, na polisi hapana nunua kitambaa."

Alhamisi Gerishon alikuwa na mkutano mdogo Ruiru, katika darasa la shule, mbele ya wazee kama thelathini wenye vyeti. Kibali cha mkutano kilikuwa na sharti: kila sentensi itafsiriwe kwa Kiswahili hapo hapo, kwa sababu D.O., ofisa wa serikali wa wilaya, Mzungu kijana, alijua Kiswahili vizuri lakini Kikuyu hakukijua. Nzau alisimama kando ya ubao, akaenda vizuri, sentensi kwa sentensi, hadi Gerishon aliposema kwamba anachotaka yeye kuliko vyote ni wiathi.

Neno hilo ni la Kikuyu. Mzee akilisema, anamsema mtu aliyekomaa, mwenye boma lake, anayejimudu na kujizuia, asiyeomba wala kuamrishwa. Lakini miaka ile ya vurugu vijana walikuwa wamelichukua kwa maana nyingine, nchi kujitawala yenyewe, na kuna watu waliokuwa kambini kwa kulitamka tu. Kwa Kikuyu mtu aliweza kulisema na kukaa katikati, kila msikilizaji akachukua lake. Kiswahili hakikuwa na neno la namna hiyo. Nzau alilazimika kushuka upande mmoja. Alitazama zile mvi mbele yake, akasema, "Anataka kila mtu ajimudu."

Wazee wakaitika kwa vichwa. D.O. akaandika, akafunga kitabu.

Wakirudi Thika kwa gari la kuazima, Nzau alikaa nyuma. Walipofika kwenye mashamba ya mkonge akasema, "Mwalimu, lile neno. Jumamosi niliweke wapi?"

Gerishon alicheka kwa furaha. "Umeliona, eh? Ndiyo uzuri wake. Wa mbele wanasikia lao, wa nyuma wanasikia lao, na mimi nimesema moja tu. Wewe ni fundi bwana, hakuna koti la saizi mbili?"

"Lipo, Mwalimu."

"Si ndiyo?"

"Halimkai mtu yeyote."

"Wacha uoga, Nzau. Jumamosi tutaona."

Lakini neno lilikuwa limetangulia. Ijumaa jioni Waithira alirudi kutoka sokoni na habari alizopewa na wanawake wa Ruiru. "Wanasema Gerishon amelisema mbele ya D.O. na hakukamatwa. Leo wamepalilia kahawa wakiimba. Nyapara amewauliza kuna nini, wakamwambia ni jua limewapiga kichwa." Alitua kikapu. "Kwa Kiswahili wewe ulisema nini?"

"Nilisema kujimudu."

"Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo wazee walivyosikia."

Waithira alikaa chini. Nzau aliniambia kwamba hakupandisha sauti, na hiyo ndiyo iliyomtia hofu. "Mimi sina kura na sitaki kura. Namtaka Waweru. Mama anazeeka kwa kutazama barabara. Kura Tatu akitaka useme wiathi ni uji, sema ni uji."

"Na hao waliokuwa wakiimba?"

"Watanisamehe." Akavuta kikapu karibu. "Au wasinisamehe. Wana mama zao nao, watajua."

Jumamosi nilifunga cherehani mapema nikaenda. Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa mpira. Mbele waliweka benchi sita za wenye kadi za kura, na nyuma ya benchi wakavuta kamba ya mkonge kutoka mti mmoja hadi mwingine. Amri ilikuwa kwamba sisi tusio na kadi tunaweza kutazama, lakini nyuma ya kamba. Benchi zilikuwa na watu kama sitini. Nyuma ya kamba sikuweza kujua ni wangapi. Wanawake waliokuwa na ruhusa ya kuja sokoni walikuwa wamekuja moja kwa moja na vyondo vyao, wafanyakazi wa mkonge walikuja na harufu ya kiwanda. Waithira alikuwa hapo, amemshika mama yake mkono.

Nzau alipopita kwenda jukwaani, futi ikiwa bado shingoni, dereva mmoja wa lori la mkonge alimwita kutoka benchi ya nne. Alikuwa Tobias, mtu wa Nyanza, mwenye kura moja na maneno mengi. "Mkamba! Leo uko upande gani wa kamba?"

Watu walicheka mbele na nyuma. Nzau alitabasamu. Nadhani hiyo ndiyo mara yake ya mwisho kutabasamu wiki hiyo.

Gerishon alianza vizuri. Alisema habari za shule, Nzau akatafsiri. Habari za bei ya maziwa na za barabara, Nzau akatafsiri. Zacharia alikaa benchi ya kwanza, fimbo katikati ya magoti, akiitika kwa kichwa. Nyuma ya kamba tulikuwa kimya. Hatukuja kwa ajili ya maziwa. Gerishon alituona tulivyo kimya, na nilimwona akituona. Akainua sauti kwa Kikuyu, akasema kwamba barabara zote hizi alizotaja zinakwenda mahali pamoja tu, kwenye wiathi.

Nyuma ya kamba palilipuka. Wanawake walipiga vigelegele, wanaume wakarusha kofia, kamba ikavutika hadi miti ikatikisika. Makofi yalipokwisha Nzau akasema, kwa sauti yake ndogo, "Anasema barabara hizi zote zinakwenda kwenye mtu kujimudu."

Kwenye benchi za watu wa makabila mengine hakuna aliyepiga hata kofi moja. Tobias alisimama.

"Kujimudu nini? Mimi najimudu tangu nilipoachishwa maziwa! Watu wote hawa nyuma yangu wanaruka ruka kwa sababu ya kujimudu? Fundi, huyu bwana amesema nini?"

"Keti chini," mzee mmoja alimwambia.

"Sikai. Nina kura moja tu, nataka kujua naiweka wapi."

D.O. alikuwa ameacha kuandika. Alisimama, akanyoosha kalamu kuelekea jukwaani. "Nyamazeni. Mkalimani. Watu wale walipiga kelele kabla wewe hujatafsiri, na ulipotafsiri hakuna aliyepiga. Neno hilo maana yake nini?"

Nimewahi kuona watu wakingoja hukumu, na uwanja ule ulikuwa hivyo. Gerishon alimtazama Nzau akitabasamu kwa meno tu. Zacharia hakutabasamu. Alichukua fimbo yake akaiweka upande wa kulia, kisha upande wa kushoto. Nzau alitazama nyuma ya kamba, akamtafuta mkewe, akamwona. Waithira aligeuza uso.

"Mkalimani!"

"Bwana," Nzau akasema, "neno hilo lina maana mbili. Wazee wa kwenye benchi wanasikia mtu kujimudu. Watu wa nyuma ya kamba wanasikia nchi kujitawala. Mimi nimetafsiri ile ya benchi. Ile ya nyuma sikuitafsiri. Mwenye neno ni Mwalimu, na yuko hapa."

Sauti ilipita uwanjani kama ya watu wengi wanaovuta pumzi. D.O. akamgeukia Gerishon. "Wewe unataka ipi?"

"Bwana," Gerishon alianza, "na ninyi ndugu zangu, Kikuyu ni lugha pana sana..."

"Lugha ni pana, kiti ni kimoja, Mwalimu!" Tobias akapaza sauti.

"Ipi?" D.O. akauliza tena. Askari wawili walikuwa wamesogea karibu na jukwaa.

Gerishon alitazama benchi. Akatazama nyuma ya kamba, muda mrefu zaidi. Kisha akasema kwa Kiswahili, kwa mdomo wake mwenyewe, "Kujimudu."

Nilitegemea kelele. Hapakuwa na kelele. Mama mmoja wa Kalimoni anayeitwa Waceke alichutama, akaweka ukanda wa kiondo kwenye paji la uso, akainuka, akaondoka. Mwingine akamfuata. Magdalene akamfuata. Ndani ya dakika chache nyuma ya kamba palikuwa na majani yaliyokanyagwa tu, na sisi wachache tusiojua pa kwenda. Tobias naye alitoka benchi ya nne, akaruka kamba, akaenda zake. Gerishon aliendelea na hotuba, Nzau akaendelea kutafsiri, lakini hata wale wazee waliobaki walikuwa wakinong'onezana. Nilimsikia mmoja, "Kumbe sisi alikuwa anatuambia moja na wale anawaambia lingine." Mwenzake akajibu, "Na kesho atatuambia lipi?"

Mkutano ulipokwisha, Gerishon alimshika Nzau bega karibu na gari. "Umeniua."

"Nilikuuliza Alhamisi, Mwalimu."

"Ungesema kitu chochote!"

"Nilisema Ruiru. Nikasema na leo. Ndipo nikaulizwa."

Zacharia alipita hapo hapo. Hakumtazama Nzau, aliondoka na fimbo yake. Nzau aliniambia angependa kama angemtukana.

Siku mbili Waithira hakusema naye ila habari za chakula. Jumatatu usiku ulipoingia alimwambia jambo moja tu, akiwa amempa mgongo. "Ulishindwa kusema uji."

Jumanne waliondoka pamoja kwenda Kalimoni. Nzau hakuja kazini na Manubhai hakuuliza. Kamati ilikaa katika nyumba ya bati kando ya lango la kijiji, karibu na daraja la handaki. Waithira na mama yake waliambiwa wangoje nje. Nzau aliitwa ndani peke yake. Zacharia alikaa mezani na wazee wengine wawili, na mbele yake palikuwa na karatasi za majina.

"Umenivurugia mkutano," Zacharia akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Nilikwambia nataka utulivu."

"Ulikuwa na utulivu, Mzee. Waliondoka kimya."

Mmoja wa wazee alikohoa. Zacharia alitazama mlango uliokuwa wazi. Kutoka pale alipokaa aliona njia nzima ya katikati ya kijiji. "Hicho ndicho," akasema. "Miaka mitatu nimekaa katikati ya watu hawa, na homgadi na bunduki yake mlangoni kwangu. Nawaona mmoja mmoja, anapita huyu na maji, yule na kuni. Sijawahi kuwaona wote mahali pamoja. Jumamosi niliwaona. Niliwaona migongo." Alisukuma karatasi moja, akairudisha. "Tangu siku hiyo nikipita wanainamia majembe. Hawanitukani. Na dada yangu, Nzau, dada yangu wa tumbo moja alikuwa nyuma ya kamba ile, nami sikujua kama amekuja. Leo asubuhi nimempelekea maziwa. Amesema ana maziwa. Ng'ombe hana!"

Nzau aliitazama ile karatasi.

"Kura hizi tatu," Zacharia akasema polepole, "ni za mwezi huu. Na hapa nitaishi hadi nife." Akachovya kalamu, akatia sahihi, akawapa wale wawili nao wakatia. "Mwambie mama mkwe wako ni mimi niliyetia sahihi. Mwambie kwa Kikuyu."

"Nimwambie na sababu, Mzee?"

"Sababu atakuwa anaijua."

Nzau alitoka. Aliwaitikia kwa kichwa kwanza, na Waithira alikaa chini pale pale kwenye vumbi, pamoja na nguo yake nzuri.

Uchaguzi ulifanyika na Gerishon akashindwa. Watu wa kamati yake walisema Nzau ndiye aliyemwangusha, na kwa muda wateja wengine walituhama verandani. Mimi nimelifikiria sana jambo hilo. Angesema kujitawala, wazee wangemkimbia na D.O. angefunga mkutano. Alisema kujimudu, wakaondoka waliosimama, na waliokaa wakaacha kumwamini. Labda hapakuwa na njia ya kushinda kwa benchi na kwa kamba pamoja mwaka ule. Lakini naona neno lile alipaswa kulichagua nyumbani kwake akiwa peke yake, kabla ya kutupandisha sisi sote uwanjani tumsaidie kulichagua.

Lori lilimleta Waweru mwisho wa mwezi wa tatu, mchana, mawingu yakiwa mazito. Nilikwenda na Nzau. Zacharia alikuwa amefika kabla yetu, amesimama pale langoni mahali ambapo kila mtu lazima amwone. Waweru alishuka na kifurushi kidogo, kichwa kimenyolewa, amekonda hadi Waithira alipita mbele yake mara ya kwanza bila kumtambua. Mama yake hakukosea. Alimshika mikono yote miwili, akaitazama kiganja na mgongo, kisha akamvuta.

"Magdalene," Zacharia akasema, kwa sauti ya kusikika na wote, "nimemrudisha."

"Nimeambiwa, Mzee," Magdalene akajibu. "Nzau alinifikishia. Ubarikiwe."

Ingekuwa imeishia hapo, nadhani Zacharia angerudi nyumbani ameridhika. Lakini Waceke alikuwa amesogea, jembe begani. "Na wangu, Mzee?"

"Wako nani?"

"Kamande. Unamjua. Ulimfundisha kuandika jina lake."

"Na wangu," mwanamke mwingine akasema nyuma yake. Na mwingine. Walikuwa wanatoka kwenye nyumba, wanatoka shambani. Hawakuwa wakali, walisogea tu, na kila mmoja alikuwa na jina.

"Mimi ni mmoja tu katika kamati," Zacharia akasema. Alitazama kama kuna homgadi karibu. Alikuwepo mmoja, kwenye lango, naye alikuwa akitazama upande mwingine kwa bidii.

"Lakini wewe ndiye Kura Tatu," Waceke akamwambia. "Haya, anza na majina matatu."

Wanawake walicheka, na kicheko kile hakikuwa kibaya. Zacharia alipapasa mifuko yake, akatoa kalamu. Karatasi hakuwa nayo. Nzau alikuwa na karatasi ya khaki tunayokatia ramani za suruali, ameikunja mfukoni. Akampa.

Alipofika jina la tano mvua ilianza. Zacharia akarudi kinyumenyume hadi chini ya ukingo wa paa la Magdalene, karatasi ameiweka juu ya goti, akawa anauliza jina la baba, kambi, mwaka, na kuandika. Ndani tulimsikia Waweru akikohoa na mama yake akipuliza moto. Wanawake hawakukimbia mvua. Walijipanga mmoja nyuma ya mwingine hadi karibu na handaki, kila mmoja akingoja afike kwenye kalamu.